Maswali na Majibu: Kapteni wa Mgambo Asiye na Faili

Barua za safari hii zimefanana. Wengi wenu mlioolewa au kuoa Marekani mmekuta kwa wakwe upanga umetundikwa ukutani, au karatasi kuukuu yenye neno "Captain", na sasa watoto wanauliza. Mgambo ninaousema hapa ni ule wa makoloni na majimbo ya mwanzo ya Marekani, karne ya 18 hadi mwanzo wa karne ya 19: wakulima, maseremala na wahunzi walioitwa kwa zamu, si askari wa mshahara wa kila siku.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Virginia, anasema babu yao alikuwa kapteni wa mgambo wakati wa vita vya uhuru dhidi ya Waingereza. Nimetafuta faili lake la pensheni wiki tatu nzima, hakuna. Je, ni hadithi tu? (Mama wa watoto wawili, Minneapolis)

Usimvunjie mama mkwe heshima bado, dada yangu. Piga kwanza hesabu ya umri. Mtu aliyekuwa kapteni mwaka 1777 akiwa na miaka 40, mwaka 1832 angekuwa na miaka 95. Nautaja mwaka huo kwa sababu pensheni ya 1818 ilikuwa ya waliotumikia jeshi la Bara (Continental Army), lile la kudumu lililoongozwa na George Washington mwenyewe, na tena wawe wahitaji. Watu wa mgambo walisubiri mpaka sheria ya Juni 1832, iliyowakubali waliotumikia angalau miezi sita. Kufikia hapo maafisa wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Waliobaki ni vijana waliokuwa chini yao, wale waliokuwa na miaka 17 au 18 vitani.

Basi watafute hao vijana. Mwaka 1832 mzee wa miaka sabini na kitu alisimama mbele ya mahakimu wa kaunti yake akaulizwa maswali yaliyopangwa: ulizaliwa wapi na lini, ulikuwa ukiishi wapi ulipoitwa, ulijitolea au ulipangiwa zamu au ulikwenda badala ya mtu mwingine, na maafisa waliokuwapo walikuwa nani. Hilo la mwisho ndilo mlango wako. Mzee anaanza kutaja: kapteni fulani, luteni fulani, tulivuka mto fulani, mvua ilitunyeshea, kapteni akaugua akarudishwa nyumbani. Karani anaandika. Maisha ya afisa wako yamo katika vinywa vya watu aliowaongoza, na mafaili hayo yapo kiasi cha 80,000, yametiwa kwenye mtandao na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani. Chukua jina la kaunti, orodhesha walioomba kutoka pale, usome mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya jioni nyingi, sikufichi.

Tafuta pia jina la mke. Wajane walianza kuruhusiwa kwa sheria ya 1836 na zilizofuata, na faili la mjane lina herufi W. Mjane alipaswa kuthibitisha ndoa, na wengine walichana ukurasa wa Biblia ya nyumbani wenye tarehe za watoto, wakautuma serikalini, mji wa Washington. Haukurudi. Umo ndani ya faili hadi leo. Lenye herufi R ni ombi lililokataliwa; usiliruke, maana aliyekataliwa aliandika tena na tena, akaleta na majirani wamshuhudie.

Kisha rudi Virginia kwenyewe. Huko afisa wa mgambo alipendekezwa na mahakama ya kaunti, gavana akatoa hati, naye akaja kula kiapo mahakamani. Daftari la karani lina mstari wake na tarehe. Mstari mmoja tu, lakini hauna ubishi. Karatasi nyingi za serikali kuu usizitegemee: ofisi ya Wizara ya Vita iliungua Novemba 1800, zikaenda na moto.

Maafisa hao walisomea wapi uafisa? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hawakusomea. Mahali pengi, hasa Massachusetts na jirani zake, kapteni alichaguliwa na askari wake mwenyewe, kwa hiyo cheo chake kinakueleza zaidi namna majirani walivyomwona kuliko ujuzi wake wa vita. Aliyewahi kupigana vita vya nyuma dhidi ya Wafaransa alipewa nafasi kwanza. Mwenye shamba kubwa naye hakuachwa nyuma.

Chukua John Parker, mkulima wa Lexington, Massachusetts, aliyekuwa kapteni wa mgambo. Alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1775 alikuwa na watu kama 77 uwanjani walipofika Waingereza. Wanane wakafa. Pale uwanjani leo kuna jiwe lililochongwa maneno anayosemekana kuwaambia vijana wake: simameni imara, msifyatue mpaka wafyatue wao, lakini kama wanataka vita, na vianzie hapa. Maneno matamu. Sasa soma kiapo alichotoa Parker mwenyewe siku sita baadaye, tarehe 25 Aprili: anasema aliwaamuru watu wake watawanyike na wasipige risasi. Mimi nakiamini zaidi kiapo, ingawa najua naye alikuwa na sababu ya kutaka Waingereza waonekane ndio walioanza. Ukikuta kwenu maneno ya babu yanayopendeza mno, uliza yaliandikwa lini na nani.

Parker alikufa Septemba mwaka huo huo kwa kifua kikuu. Kwa hiyo naye hana faili la pensheni.

Na kama unauliza vifaa: sheria ya Mei 1792 ilimtaka kila raia mwanamume, huru na mweupe, wa miaka 18 hadi chini ya 45 ajinunulie gobore la gumegume, singe, mawe mawili ya akiba, shanta, na mkoba wa risasi zisizopungua 24. Afisa alitakiwa awe na upanga. Huo wa ukutani kwa wakwe huenda ndio huo, au ulinunuliwa mnadani juzi.

Nipo Unguja. Rafiki yangu wa Salem, Massachusetts, ana jiwe la kaburi la babu yake lenye "Capt." Tunawezaje kujua alikuwa kikosi gani?

Ndugu yangu, wewe kwa kukaa Unguja ungepaswa kushtuka mapema! Kiswahili kina kapteni na kina nahodha. Kiingereza kinawaita wote wawili jina moja. Na Salem ulikuwa mji wa manahodha. Ni majahazi yao makubwa ndiyo yaliyoleta marikani, ile nguo tuliyoipa jina la nchi yao, yakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alitoka Salem hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kikosi, tafuta chombo. Mwambie rafiki yako aangalie kumbukumbu za usajili wa meli na za mabaharia wa bandari ya Salem. Aangalie pia wanachama wa East India Marine Society, chama kilichoanzishwa 1799, ambacho hakikumpokea mtu ila awe nahodha au msimamizi wa shehena aliyezunguka Rasi ya Tumaini Jema au ile ya Horn, kusini mwa Amerika Kusini. Akikosekana kote huko, ndipo arudi kwenye orodha za mgambo. Wengine walikuwa vyote viwili, nchi kavu kapteni na baharini nahodha.

Kitabu kimoja kinasema babu alizaliwa Februari 1731, kingine Februari 1732. Kipi kimekosea? (Mombasa)

Huenda hakuna kilichokosea. Mpaka 1752 makoloni ya Uingereza yalianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na kalenda yao ilikuwa nyuma kwa siku 11. George Washington, aliyewahi kuwa meja wa mgambo wa Virginia, alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, na kwa hesabu mpya ni 22 Februari 1732. Andika zote mbili.

Mke wangu ni Mmarekani mweusi, ukoo wao ni wa South Carolina. Jina lao la ukoo ni la meja mmoja wa mgambo. Je, ndiye babu yao? (Dar es Salaam)

Anaweza kuwa babu, anaweza kuwa bwana aliyewamiliki mababu zake, anaweza kuwa vyote, na anaweza asiwahusu kabisa. Jina peke yake si ushahidi. Waliopata uhuru walichagua majina kwa sababu zao.

Anza na walio hai, urudi nyuma hadi sensa ya 1870, ya kwanza kuwataja kwa majina wale waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa katika sensa za 1850 na 1860 zina jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi, mistari isiyo na majina. Hapo kati saidika na daftari za Freedman's Bank, benki ya akiba ya walioachwa huru, za 1865 hadi 1874, ambapo mwenye akaunti mara nyingi alitaja wazazi na ndugu.

Upande wa meja, nenda kwenye mirathi. Akifa mtu kama huyo, majirani watatu au wanne walipita nyumbani wakaandika kila kitu na bei yake. Utakuta upanga, kitanda cha manyoya, ng'ombe, na katikati ya vitu hivyo majina ya watu: mwanamke na mtoto wake, kwa bei moja. Ukifika ukurasa huo usiusome peke yako, mkae wawili.

Ujue pia kazi ya mgambo wa kusini haikuwa Waingereza tu. Doria za usiku za kukamata watumwa zilitolewa humo humo, na kapteni ndiye aliyepanga zamu. Hilo halichongwi kwenye kaburi. Na upande wa pili, katika kikosi cha Parker kule Lexington alikuwamo Prince Estabrook, mtumwa, akajeruhiwa asubuhi ile ile.

Inagharimu kiasi gani? (Wengi)

FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ni bure, na katalogi ya Hifadhi ya Taifa ni bure. Tovuti za kulipia, uliza maktaba ya umma iliyo karibu nawe Marekani. Nyingi zinakuruhusu uzitumie ukiwa humo humo ndani.

Nimewapata wawili, jina moja, kaunti moja ya Virginia, miaka ile ile. Mmoja kapteni wa mgambo, mwingine alipata ardhi Ohio. Nimewaunganisha, lakini roho haijatulia. (Columbus, Ohio)

Roho yako ina akili. Ardhi ambayo Virginia iliwagawia askari wake huko Ohio ilikuwa kifuta jasho cha waliotumikia miaka 3 katika vikosi vya kudumu. Mgambo wa zamu za miezi hawakuwamo. Inaelekea ni watu wawili. Wala "Junior" na "Senior" zisikupoteze: zama hizo mara nyingi zilimaanisha mdogo na mkubwa wa mtaa, hata kama ni mtu na ami yake au hawana undugu, na mkubwa akifa mdogo anapanda kuwa Senior.

Watenganishe kwa wake zao. Mume alipouza shamba, mke aliitwa kando na mahakimu akaulizwa kama anaachia haki yake kwa hiari, na jina lake likaandikwa. Tazama sahihi pia: mmoja anaandika jina, mwingine anachora alama ya X. Halafu chukua daftari za kodi kuanzia 1782, mwaka baada ya mwaka, uone nani anatoweka kaunti hiyo na lini. Ukimpata mke wa yule wa Ohio, niandikie jina lake.