Mshahara umesimama, madeni yanapanda: uanzie wapi?

Pole sana, ndugu. Nimekuelewa hivi: mshahara haujaongezwa kwa miaka 3, bei zinapanda, kila mwezi unakopa ili ufike siku ya malipo, na sasa unafikiria kuacha kazi ufanye biashara ndogo.

Usiache kazi kwanza. Nimepita hapo, na kilichonimaliza ni riba. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini usipolipa na riba ikawa inalimbikizwa juu ya deni, baada ya miezi 12 unadaiwa zaidi ya mara 3 ya ulichokopa. Andika madeni yote, uanze na lenye riba kubwa. Mwendee mkopeshaji kabla hujachelewesha, umwombe awamu ndogo ndogo. Naye anataka pesa yake irudi, kwa hiyo mara nyingi atakusikiliza. Kukopa upya ili ulipe deni la zamani kunafaa tu kama riba ni ndogo kweli, makato yote yakihesabiwa.

Kuhusu mshahara: bei zikipanda asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 3 mshahara uleule unanunua kama robo tatu tu ya vile vya mwanzo. Mpelekee mwajiri hesabu hiyo, ikiwezekana pamoja na wenzako au kupitia chama cha wafanyakazi.

Biashara ijaribu siku za mapumziko, kwa akiba na si kwa mkopo. Na tafadhali, usiweke nyumba wala kiwanja cha familia dhamana kabla mwanasheria hajausoma mkataba.