Kilo 21 za ziada: niliyojifunza nikijenga ndege nyuma ya gereji Mbalizi

Mizani tatu nilizikopa kwa wanunuzi wa mpunga, zile za chuma za kulazia gunia. Tukaweka mbili chini ya matairi ya mbele na ya tatu juu ya stuli, tukaunyanyua mkia mpaka pima maji ikatulia katikati. Kushoto 137, kulia 138, mkiani 16. Jumla kilo 291. Michoro niliyoinunua inasema ndege hii ikiwa tupu, bila mafuta wala mtu, iwe na kilo 270.

"Mjomba, kilo 21 ni nini?" akauliza mpwa wangu anayenisaidia. "Haifiki hata nusu mfuko wa saruji."

Nikamwambia abebe hiyo nusu mfuko, apande nayo Loleza mpaka kileleni, akishuka tuendelee na mazungumzo.

Hii ndege ya viti viwili naijenga jioni na siku za mapumziko, sasa mwaka wa sita. Vijana wanaonitafuta wakitaka kuanza ya kwao, karibu wote huniuliza jambo moja: ipi nzuri, ya mbao, ya aluminiamu au ya faiba? Mimi nawarudishia swali: utairushia wapi, na saa ngapi? Kwa sisi wa nyanda za juu hapo ndipo pa kuanzia.

Chukua Songwe, uwanja wetu wa ndege. Uwanja uko kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, hewa ambayo wabunifu wa ndege huitumia kwenye hesabu zao ingekuwa na nyuzi 6 hivi. Sasa njoo saa nane mchana mwezi wa kumi, nyuzi 30. Kila nyuzi moja inayozidi inaipandisha ndege kama mita 36 kihesabu, maana hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Nyuzi 24 zimezidi, zidisha kwa 36, jumlisha na mwinuko wa uwanja: mita 2,200 na kitu. Yaani matairi bado yako chini Songwe, lakini mabawa na injini vinajiona viko juu kuliko Njombe mjini. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ile ya nguvu farasi 80 inabakiwa na 62 hivi. Propela nayo inashika hewa nyepesi. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, lazima ukimbie kwa kasi kubwa zaidi ndipo mabawa yakubebe, kiasi cha asilimia 11, na umbali wa kusimama baada ya kutua unaongezeka karibu robo. Kipimo cha kasi mbele yako hakitakwambia haya, kwa sababu nacho kinapimia hewa hiyohiyo.

Saa moja asubuhi, nyuzi 15, hesabu ileile inakupa mita 1,670 hivi. Uwanja ni uleule na ndege ni ileile, lakini tofauti utaiona kwa macho.

Ndiyo maana sikuhangaika sana na zile ndege za povu na faiba alizozileta mbunifu Mmarekani Burt Rutan miaka ya 1970, ingawa ndizo nilizoanza kuzipenda kwenye picha. Zina kasi na mafuta zinanusa tu. Lakini zinataka lami ndefu, na mimi ndoto yangu ni kutua kwenye majani kule Usangu. Nilitaka bawa nene, pana, la juu, linalobeba kwa kasi ndogo. Mbunifu Chris Heintz alipobuni ndege yake ya CH 701 miaka ya 1980 alifuata njia hiyo kwa aluminiamu: bawa nene lenye kibao kisichosogea mbele yake, ili iruke kutoka sehemu fupi. Mimi nikachagua ya mbao yenye umbo la kufanana na hilo, kwa sababu moja tu, nimekulia kwenye useremala na najua mbao inavyosema uongo. Wewe kama mkono wako ni wa bati, chukua ya aluminiamu. Ila usiende kununua ile ya madirisha. Aluminiamu ya ndege, kama 6061-T6, ukiikunja kona kali inapasuka, lazima uipe duara kwenye mkunjo. Ya madirisha mara nyingi inakunjika kama boksi la viatu. Hazina undugu.

Kabla ya msumeno, kuna TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Ndege ya hapa haiingii angani bila usajili wa herufi za 5H na kibali cha kuruka. Nenda na michoro mkononi kabla hujanunua chochote, uulize wanataka waone nini na katika hatua gani, maana ukishafunika bawa kwa kitambaa hakuna atakayeona gundi iliyo ndani. Mimi napiga picha kila kiungo, na daftari langu lina tarehe ya kila siku niliyoshika randa.

Sasa mbao, maana hapa ndipo kilo sita za kwanza zilipoingia.

Michoro ilitaka mbao ya spruce ya kutoka nje. Bei niliyopewa pamoja na usafiri ilinifanya nicheke peke yangu barabarani. Nikajiambia, mtu anayeishi saa chache kutoka Sao Hill ataagizaje mbao ng'ambo? Nikaenda Mafinga. Paini ya kule haina ubaya wowote kwa kenchi na fremu za milango. Lakini mti wa shambani hukimbia kukua, na ukiutazama kichwani pale ulipokatwa unaona duara zake zimeachana. Kwa spruce ya ndege wanataka angalau duara 6 kwa kila inchi, na mshipa usiokwenda kando zaidi ya inchi 1 katika urefu wa inchi 15. Niliweka rula kwenye ubao wa kwanza, nikahesabu duara tatu. Wa pili, tatu. Siku mbili nilishinda nikigeuza mbao na vijana wa pale wakiniangalia kama mchawi. Katika mbao 140 nilitoka na 11.

Hata hizo 11 zilikuwa bichi. Kipimo chake ni rahisi: kata kipande kidogo, kipime, kikaushe kwenye oveni mpaka uzito uache kushuka, kipime tena. Changu kilianza na gramu 124, kikaishia 100, maana yake unyevu asilimia 24. Nilitaka 12. Mbao zikakaa darini miezi saba.

Halafu, kwa kuwa paini yangu si spruce, niliunenepesha mhimili mkuu wa kila bawa, ile boriti inayobeba mzigo, kwa kukisia. Hapo ndipo nilipokosea, na mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa ndege ndiye aliyenishika mkono. Alipitisha kidole juu ya mhimili, akauliza, "Mwanangu, huu unene umeutoa wapi?" Nikasema nimeongeza kidogo ili iwe imara. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi si michoro ya yule tena. Wewe ndiye mbunifu sasa. Umeshaupima?"

Sikuwa nimeupima. Ukibadilisha kitu kimoja tu kwenye michoro, hesabu ya mwenye michoro haikulindi tena, hata kama umeongeza. Ikabidi tupime bawa kwa mchanga. Ndege ya uzito wa kilo 500 ikibanwa angani mara 3.8 ya uzito wake, mabawa yanabeba kilo 1,900, kila upande 950. Tulilifunga bawa kichwa chini miguu juu kwenye fremu ya chuma, ili mchanga uliminye upande ule ambao hewa hulisukuma, tukapanga viroba vya kilo 25, vingi karibu na kiwiliwili, vichache kuelekea nchani. Mpwa wangu alikaa nchani na futi kamba akisoma sentimita. Kwenye kiroba cha 31 tukasikia "ta!" moja, kavu, kama kuni inayoanza kushika moto. Hakuna aliyesema neno. Tukaanza kuvitoa kimoja kimoja.

Hakikuwa kile nilichokuwa nakiogopa. Mhimili ulikuwa mzima. Kilichoachia ni ubavu mdogo, kile kipande kinacholipa bawa umbo lake, na umeachia kwenye gundi. Gundi ya epoksi ilikuwa imebanduka safi, inang'aa kama kioo, haikushika hata unyuzi mmoja wa mbao. Kiungo kizuri ukikivunja, inavunjika mbao yenyewe na gundi inabaki imeng'ang'ania. Nikafungua daftari: ubavu ule niliuunga mwezi wa sita, saa tatu usiku. Mbeya mwezi wa sita unaijua. Epoksi ikikutana na baridi kama ile inalala, na mimi nilikuwa nimekadiria mchanganyiko kwa macho kwa sababu mikono ilikuwa inaganda. Mbavu zote 14 za wiki ile nilizikata kwa msumeno.

Tangu hapo sichanganyi gundi bila mizani ya jikoni. Kila kikombe ninachochanganya natoa tone la kuunganishia vijiti viwili, naandika tarehe kwa penseli, na kesho yake navipiga nyundo. Kwenye baridi kiungo kinalala ndani ya boksi la plaiwudi lenye balbu mbili za zamani zile zinazotoa joto. Bawa lilipopandishwa tena viroba 38 halikulia. Na viroba viliposhuka, ncha ilirudi pale pale ilipoanzia kwenye futi kamba. Ikibaki imepinda hata kidogo, ujue kuna kitu ndani kimeshakata tamaa.

Kwenye bolti nitakuwa mfupi. Ugumu wa bolti ya dukani iliyoandikwa 8.8 hauko mbali sana na ule wa bolti ya ndege, kwa karatasi. Shida ni kwamba nyingi zina meno mwili mzima, na meno yakikaa ndani ya tundu la kiungo cha bawa yanalila tundu, huku bolti ikikatika kwenye meno. Bolti ya ndege ina shingo laini inayojaa tundu lote, na meno yanaanzia nje. Kwenye mabawa, usukani na injini agiza za ndege, kwa urefu kamili. Mimi niliagiza ndefu ili zisipungue, nikajaza washa. Ukizijumlisha zote, ni kilo nzima ya ujinga.

Injini ya gari nayo nilishaionja. Bernard Pietenpol alirusha ndege yake ya mbao kwa injini ya Ford Model A mwishoni mwa miaka ya 1920, na watu bado wanaijenga, nikaona mimi ni nani. Ila Minnesota, kwao Pietenpol kule Marekani, si nyanda za juu. Niliyoipata, nikishaiweka rejeta, maji na gia ya kupunguzia mzunguko, ilivuka kilo 150. Isitoshe, gari likitembea barabarani linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake, wakati ndege inakaa robo tatu ya nguvu saa nzima bila kupumzika. Nikaiuza kwa hasara nikachukua Rotax 912, injini ya ndege ya nguvu farasi 80. Ningekuwa naanza leo ningebana kwingine nikanunua ya 100. Uzito wake unakaribiana na huu, na kwa hewa yetu zile 20 ni za thamani. Hiyo inataka petroli ya okteni 95, kwa hiyo uliza kwanza unapojazia.

Kilo zinazouma kuliko zote ziko mkiani, nazo ni za urembo. Kitambaa cha poliesta kinavutwa kwa pasi mpaka kikaze kama ngozi ya ngoma, halafu kinapakwa tabaka za kukinga jua. Hizo ni za lazima. Mimi nilinogewa nikaongeza tatu za bluu inayong'aa. Gramu 1,200 tu. Lakini mkia uko mita 3.8 nyuma ya kitovu cha uzito, na mbele nafasi ya kuweka betri au kipande cha madini ya risasi iko sentimita 90. Gawanya mwenyewe: kuisawazisha ile rangi nahitaji kilo 5 puani. Usipoisawazisha, ndege yenye mkia mzito inaweza kukataa kushusha pua ikiishiwa kasi, na hapo rubani hana la kufanya. Zaidi ya hayo, rangi nyingi kwenye usukani wa mkiani, nyuma ya bawaba zake, inaufanya upende kutetemeka kasi ikiwa kubwa.

Michoro inaruhusu kilo 500 kwa uimara, kwa hiyo kwa karatasi bado tunaenea watu wawili na mafuta. Kwa hewa ya Songwe saa nane, sidhani. Kiti cha pili nimeshakitoa, na kukimbiza chini kwa majaribio tutaanza alfajiri tu. Jumamosi tunauvua mkia kitambaa chote tuuvalishe upya, bila bluu. Mke wangu ameshaificha pasi.