Budesonidi kwa ugonjwa wa Crohn: ganda la kapsuli nalo ni sehemu ya dawa

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, tunaishi Tanga. Amehangaika karibu mwaka mzima na tumbo kuuma upande wa chini kulia, kuharisha na kukonda. Mwishowe akapigwa kamera ya utumbo, kikachukuliwa kinyama, tukaambiwa ni ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo. Alianzishiwa prednisoloni. Tumbo lilitulia, lakini uso ulivimba, usingizi ukapotea, akawa mtu wa hasira. Dozi ilipopunguzwa maumivu yakarudi. Sasa daktari amemwandikia budesonidi 9 mg kwa siku, yaani kapsuli tatu za 3 mg kila asubuhi. Duka la kwanza waliniambia hiyo ni dawa ya pumu, ya kuvuta. Duka la pili hawana, wakasema steroidi ni steroidi, nichukue prednisoloni nifikishe hizo 9 mg. Duka la tatu wana budesonidi, ila ni kidonge kimoja cha 9 mg, si kapsuli. Nichukue ipi? Na hii nayo haitamvimbisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mimi ni mfamasia, si daktari wa tumbo, lakini swali lako limeangukia hasa kwenye kazi yangu. Nianze na la haraka: prednisoloni ya kufidia usinunue, na kile kidonge kimoja cha 9 mg kiache dukani mpaka daktari aliyeandika cheti akikubali. Muuzaji wa kwanza hakudanganya. Wa pili ndiye aliyenitia hofu.

Budesonidi ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe kama ilivyo prednisoloni, na ni dawa ya pumu kweli. Ndiyo iliyomo kwenye Pulmicort ya kuvuta, na ndiyo ya kupulizia puani kwa wenye mafua ya mzio. Sifa yake ni kwamba ina nguvu kubwa pale inapogusa, lakini ikishaingia kwenye damu haidumu. Sifa hiyo iliyoifaa mapafu ndiyo iliyowafanya wataalamu waifikirie kwa utumbo.

Chochote kinachofyonzwa na utumbo hakiendi moja kwa moja mwilini. Hupitia kwanza kwenye ini, kama mzigo ulioshushwa bandarini usivyotoka getini bila kupita forodha. Ini lina kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, na kwa budesonidi forodha hiyo ni kali: takriban asilimia 90 huvunjwa katika mpito huo wa kwanza tu. Kinachobaki cha kuzunguka mpaka usoni, kwenye mifupa na kwenye ubongo ni kidogo. Prednisoloni hupita hapohapo ikatoka karibu nzima. Ndiyo maana ilimtuliza tumbo ndugu yako na papo hapo ikamvimbisha uso na kumnyima usingizi.

Ila kuna sharti. Dawa inayovunjwa upesi hivyo ikiyeyukia tumboni, itafyonzwa na kuvunjwa kabla haijakifikia kidonda. Lazima ifikishwe mahali penye ugonjwa ikiwa bado imefungwa, na kazi hiyo ni ya utengenezaji wa kapsuli. Ndani ya kapsuli za aina aliyoandikiwa ndugu yako mna punje ndogondogo, na kila punje imepakwa ganda lisiloyeyuka kwenye tindikali ya tumbo. Punje zikishatoka tumboni, pH (kipimo cha tindikali: ikipanda, tindikali imepungua) ikapita 5.5, ganda huanza kuyeyuka. Chini yake kuna tabaka jingine linaloiachia dawa polepole, ili sehemu kubwa itoke mwishoni mwa utumbo mwembamba na mwanzoni mwa utumbo mpana. Mahali hapo ni chini kulia mwa tumbo, palepale anapouma. Ugonjwa wa Crohn hupapenda sana. Hata Crohn na wenzake wawili walipouandika mwaka 1932 kule New York, waliuelezea kama ugonjwa wa sehemu hiyo ya mwisho ya utumbo mwembamba.

Sasa kidonge cha duka la tatu. Soma boksi. Kama limeandikwa MMX, au jina ni Cortiment au Uceris, hicho kimetengenezwa kwa safari nyingine. Ganda lake husubiri pH ifike 7, kisha dawa inaachiwa taratibu katika urefu wa utumbo mpana. Kinatumika kwa ugonjwa mwingine wa familia hiyohiyo, ule wa vidonda vya utumbo mpana. Dawa ni ileile, miligramu ni zilezile 9, lakini kwa ndugu yako sehemu kubwa ingeshukia mbele ya kidonda. Nalisisitiza kwa sababu hata sisi wenye taaluma tunaweza kulikosea: tunasoma jina na namba, tunasahau ganda.

Kwa sababu hiyohiyo kapsuli zisitafunwe wala punje zisisagwe. Akishindwa kumeza kapsuli nzima, niulize au muulize mfamasia wenu kwanza. Zipo kapsuli zinazoruhusiwa kufunguliwa na punje zikamezwa na chakula laini bila kutafunwa, lakini kile kidonge cha MMX hakikatwi kabisa. Dawa ya kuvuta ya pumu nayo haina msaada wowote kwa utumbo, hata akivuta mara kumi.

Nirudi kwa muuzaji wa pili. Miligramu za steroidi mbili tofauti hazilingani. Crohn inapochachamaa, prednisoloni kwa kawaida huanza na kama 40 mg kwa siku. Kumpa 9 mg ni kumpa dozi isiyotosha kuzima moto, huku mwili ukiendelea kubeba mzigo wa steroidi. Mngepata madhara bila nafuu.

Je, atavimba tena? Uwezekano ni mdogo zaidi, lakini haujafutika, na anayewaambia budesonidi haina madhara kabisa msimsikilize. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 176 wa Crohn, nusu wakitumia budesonidi kuanzia 9 mg, nusu prednisoloni kuanzia 40 mg. Baada ya wiki 10, waliotulia walikuwa asilimia 53 upande wa budesonidi na 66 upande wa prednisoloni. Waliopata madhara ya steroidi walikuwa wagonjwa 29 dhidi ya 48. Kwa hiyo mnapunguza madhara, na mnatoa nguvu kidogo kwa kubadilishana. Kwa ugonjwa wa wastani ulio sehemu ile ya chini kulia, mimi naona ni mabadilishano mazuri. Kwa ugonjwa mkali, au uliosambaa mbali, au uliotoboa njia za usaha, haitoshi, na daktari hataichagua.

Kuna jambo ambalo barua yako haikulisema, nami lazima niliulize: prednisoloni ameiacha vipi? Mtu akitumia steroidi ya kuzunguka mwilini kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza kotisoli, steroidi ya asili ya mwili. Budesonidi, kwa kuwa inafika kidogo kwenye damu, haiwezi kuziba pengo hilo. Akikata prednisoloni ghafla na kuanza budesonidi kesho yake, anaweza kupata uchovu mzito, viungo kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu akisimama, hata kuanguka. Watu hudhani Crohn imezidi, kumbe ni mwili unaolia kwa kukosa kotisoli. Prednisoloni ipunguzwe kwa ratiba ya daktari, mara nyingi zikienda pamoja kwa muda. Budesonidi yenyewe kwa kawaida hutumika hadi wiki 8, kisha hushushwa, kwa mfano 6 mg kwa wiki mbili, kabla ya kuachwa.

Kumbuka ile forodha ya ini. Kuna vitu vinavyoifunga, na ikifungwa, budesonidi nyingi inamwagika mwilini kama prednisoloni. Balungi ni mojawapo: maji yake yanaweza kuongeza mara mbili kiasi kinachoingia kwenye damu, kwa hiyo aliache kwa kipindi chote cha dawa. Machungwa ya kawaida hayana neno. Dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli zinafunga zaidi, na klarithromaisini vilevile. Nyingine za kuogopwa sana ni ritonavir na kobisistati, zinazowekwa katika baadhi ya mchanganyiko wa ARV. Kama ndugu yako anatumia ARV, hata kama hajamwambia mtu nyumbani, daktari na mfamasia lazima wajue. Ikichanganywa na hizo, budesonidi imewahi kuwavimbisha watu uso na kuwapandisha sukari vibaya, hata ile ya kuvuta. Mpe nafasi aniambie au amwambie mfamasia akiwa peke yake. Usimuulize mbele ya watu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huivunja budesonidi upesi mno.

Na kwa kuwa nimekitaja kifua kikuu, hapa ndipo ninapotaka msiwe na haya kuuliza. TB ya utumbo hupenda kukaa palepale Crohn inapokaa, na kwenye kamera zinafanana kiasi cha kuwachanganya hata mabingwa. Katika nchi zetu TB haijatuondokea. Steroidi ikipewa mwenye TB isiyotibiwa, ugonjwa hupata njia. Ulizeni wazi: kile kinyama kilipimwa TB? Choo kilipimwa amiba? Amiba huleta kuharisha damu kunakofanana na magonjwa haya, na steroidi juu ya amiba imeua watu. Yuko pia mnyoo aitwaye strongiloidi, anayeingia kupitia ngozi ya miguu na kukaa utumboni miaka bila kelele. Kinga ikishushwa na steroidi huzaliana na kusambaa mwili mzima. Inawezekana haya yote yalishafanyika kabla ya budesonidi kuandikwa. Kuuliza si kumkosoa daktari.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Kapsuli zote tatu kwa pamoja, asubuhi, na maji. Asubuhi ndiyo saa ambayo kotisoli ya mwili huwa juu, hivyo dawa inaufuata mwili, na usingizi hauharibiki sana. Ramadhani ikimkuta katika dozi, azungumze na daktari mapema. Akiruhusiwa kufunga, dawa inaweza kuhamia daku. Akisahau siku moja, aendelee na dozi ya kawaida siku inayofuata bila kurudufisha.

Kuhusu upatikanaji, msianze na kapsuli za wiki moja mkitumaini zitapatikana nyingine. Hii si dawa ya kila duka. Ombeni mfamasia wa hospitali awaagizie za kozi nzima, pamoja na zile za kushusha dozi, ndipo aanze. Zikikosekana kabisa, rudini kwa daktari. Anaweza kuchagua njia nyingine, lakini uchaguzi huo ni wake, si wa kaunta.

Mtampeleka hospitali bila kusubiri kliniki akipata homa, tumbo likiwa gumu au kuvimba, akitapika bila kukoma, akishindwa kupata choo wala kutoa hewa, au akitoa damu nyingi. Steroidi inaweza kuficha ukali wa maumivu, kwa hiyo msipime hatari kwa kilio chake peke yake.

Siku ya kliniki chukueni maboksi yote ya dawa anazotumia, hata za mitishamba, na muulizeni daktari swali moja zaidi: baada ya wiki nane, nini kitaishika Crohn? Budesonidi si ya kukaa nayo miaka. Wengine hupewa azathiopirini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo huchukua wiki 8 hadi 12 kuanza kufanya kazi, na budesonidi inakuwa ya kumvusha kipindi hicho. Kama ndio mpango, ni afadhali kuanza kuupanga sasa kuliko kungoja kapsuli ya mwisho. Na uniandikie jina lililo kwenye boksi la duka la tatu. Nitakujibu kama ni ile ya utumbo mpana.