Muulize Fundi: Suruali ya boda inachanika msamba kila siku, nifanyeje?

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya suruali, nadhani hii baridi ya Arusha ya Juni na Julai imewatoa watu kwenye pensi na magauni kwa lazima. Nimechukua matano. Mengine nimejibu kwa urefu mengine kwa kifupi, mtanisamehe, naandika hapa hapa dukani Ngarenaro huku wateja wanaingia wanatoka.

Fundi habari za kazi. Mimi ni boda, naegesha Sakina. Suruali zangu zote zinachanika sehemu moja tu, msamba, hazimalizi miezi miwili. Nikamwambia fundi wangu aushushe msamba ili nipate nafasi, akashusha, sasa ndo imekuwa balaa, nikitaka kurusha mguu nipande pikipiki lazima kwanza niivute suruali juu. Tatizo ni kitambaa au ni mimi?

Chalii angu, si wewe wala si kitambaa, tatizo ni huko kushusha msamba. Na usimlaumu sana huyo fundi mana hata mimi nilishawahi kuwafanyia watu hivohivo miaka yangu ya mwanzo, mteja anakwambia inabana katikati unashusha, anaondoka anafurahi, baada ya wiki karudi kanuna.

Ngoja nikueleze kwa mfano ambao kila mtu ameuona. Mwangalie kijana aliyevaa mlegezo anavyokimbilia daladala. Si nafasi anayo tele pale katikati? Lakini hawezi kurusha hatua, anakimbia kama kafungwa kamba ya magoti. Ni kwa sababu msamba ukiwa chini, miguu miwili inakuwa imeunganishwa pamoja mpaka huko chini, ukinyanyua mguu mmoja unainyanyua suruali nzima, na kama mkanda umeibana kiunoni isipande basi kitu cha kuachia ni mshono. Ni sawasawa na shati lenye kwapa lililoshuka, ukinyoosha mkono juu shati lote linachomoka. Kwa hiyo msamba wa mtu wa kazi unatakiwa uwe juu, karibu na mwili, usibane lakini usining'inie.

Sasa nafasi itoke wapi? Itoke nyuma. Sisi mafundi wengi tunampima mtu amesimama, kiuno, hipsi, paja, urefu, chini, basi, msamba tunaukata kwa kanuni ya hipsi gawa kwa nne unaongeza kidogo. Sawa kwa mtu anayekwenda harusini kusimama kwenye picha. Wewe boda umekaa siku nzima tena umetanua miguu! Mwambie fundi akupime umekaa. Kaa kwenye stuli ngumu, mgongo wima, apime ubavuni kutoka kiunoni mpaka kwenye stuli, hicho ndo kimo cha msamba wako, aongeze kama inchi moja si zaidi. Alafu ukiwa umekaa hivohivo apime hipsi tena, utaona futi kamba imekula inchi moja au mbili zaidi ya ile ya kusimama, wenye miili hata zaidi ya hapo. Kipimo cha tatu apitishe futi kamba kutoka kiunoni mbele, katikati ya miguu, mpaka kiunoni nyuma. Hicho wengi hatupimi, nadhani ni aibu tu, mwambie ushike mwenyewe ncha moja yeye ashike nyingine yaishe.

Akikata, kile kipande cha nyuma akipandishe kiunoni zaidi ya cha mbele, kwa sababu ukiinama kwenye usukani mgongo ndo unaomba kitambaa, ndo mana abiria wako wanaona mambo yasiyowahusu. Na ile ncha ya nyuma inayoingia katikati ya miguu airefushe kidogo.

Kuna dawa nyingine ambayo naipenda kuliko zote, ila mafundi wa suruali wa siku hizi hawaitumii. Umeshaona kanzu ya kizamani, pale chini ya kwapa panawekwa kikwapa, kile kipande kidogo kinachofanya mkono upande bila kuvuta? Weka kitu kama hicho msambani. Kipande cha pembe nne kilichokaa kama almasi, urefu kama inchi 6 upana kama 4, ndo suruali za karate na za wapanda miamba zinavyoshonwa. Kazi yake ni mbili, kinaongeza upana miguu ikitanuka, na kinaondoa ile njia panda ambapo mishono minne inakutana sehemu moja. Suruali haichanikagi popote tu, inachanika pale njia panda. Hata zile ulizonazo kama kitambaa hakijaoza kinaweza kuingizwa.

Kushona kwenyewe: uzi wa polista, mshono wa msamba upitiwe mara mbili, na wakati wa kushona ile sehemu iliyopinda fundi aivute kitambaa kidogo kwa vidole, mana mshono ukiwa hauna mvutiko wowote siku kitambaa kikivutika uzi unakatika. Kwenye hiyo sehemu ya kupinda apunguze kitambaa cha ndani kibaki kama robo tatu ya sentimita hivi kisikukwaruze, ila huku juu nyuma abakishe inchi nzima, mana wewe utanenepa tu, kazi ya kukaa hiyo.

Na usijione wa kwanza. Jinzi yenyewe dunia nzima inayovaa ilianza na malalamiko kama haya. Fundi mmoja wa Reno huko Nevada, Marekani, aliitwa Jacob Davis, alikuwa anawashonea vibarua ambao suruali zinawachanika mifukoni, akaanza kugongea ribiti za shaba, vile vifungo vidogo vya chuma, kwenye kona zinazovutwa. Hakuwa na hela ya kusajili ugunduzi wake akamwandikia muuza vitambaa aliyekuwa anamletea mzigo kutoka San Francisco, ndo huyo Levi Strauss, wakapata hati miliki pamoja tarehe 20 Mei 1873. Jina likabaki la muuza vitambaa, la fundi watu hawalijui. Haya tuendelee, nisije nikalia.

Da fundi, mimi nipo Moshi, mitumba yangu nanunua soko la Memorial. Nina hipsi kubwa kiuno kidogo. Jinzi nikiipima shingoni inafika vizuri tu ila nikivaa ama haipandi mapajani, ama ikipanda nyuma kiunoni inaachia mpaka mkono unaingia. Na kwanini mifuko ya suruali za wanawake haiingizi hata simu?

Mdogo wangu hicho kipimo cha shingo ni cha watu wenye haraka. Unazungusha mkanda wa suruali shingoni ncha zikikutana unaambiwa ni yako, ni kweli kwa wengi shingo inakaribia nusu ya kiuno, sasa shingo imeambiwa na nani habari ya hipsi? Wewe nunua kwa hipsi na mapaja, kiuno niachie mimi. Kupunguza kiuno ni kazi ya nusu saa, kuongeza paja la jinzi ambayo ndani haina akiba ya kitambaa hiyo haipo, tutaishia kuweka mstari wa kitambaa kingine ubavuni.

Nenda na futi kamba yako kwenye pochi, alafu jua hipsi zako kwa kichwa. Laza jinzi kwenye meza ya muuzaji, funga zipu, pima sehemu pana kabisa, zidisha mara mbili. Usiangalie namba ya lebo, kila kampuni ina 30 yake, nyingine ya Ulaya nyingine ya Marekani na wengine wanapunguza namba makusudi ili mteja ajisikie mwembamba. Alafu igeuze, ishike juani uangalie ndani ya mapaja na msamba, ukiona mwanga unapita hapo kuliko sehemu nyingine iache hata kama ni gredi ya kwanza, imeshasuguliwa na mwenzio. Ivute kwa upana uachie, ikirudi haraka mpira wake bado mzima, ikibaki imelegea basi ikifika jioni magoti yatakuwa kama yana vitunguu. Zipu ipandishe ishushe mara tatu. Ikiwa na herufi YKK mara nyingi haitakusumbua, ni kampuni ya Japani ya tangu 1934.

Ukija kupunguza kiuno usikubali fundi akunje mbavuni, mifuko itavutika itazame kando kama masikio. Atoe kile kishikio cha mkanda cha nyuma katikati, apasue mkanda hapo, apunguze kwenye mshono wa katikati kushuka taratibu mpaka kwenye makalio. Kama cha kupunguza kinazidi inchi mbili asitoe chote katikati, agawe, kingine kiende kwenye dati mbili za nyuma, yale makunjo madogo yanayoshonwa kubana kitambaa.

Ya mifuko umenichokoza. Hamna sababu ya ufundi hapo, ni ubahili na ile kusema mwanamke ana pochi. Kitambaa cha mfuko ni rahisi, mwambie fundi akate ule mfuko mdogo chini aungie mwingine, uingie kiganja chako chote mpaka kwenye kifundo, elfu tatu nne hivi kwangu.

Fundi mimi ni mpagazi, huu msimu napanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Nina jinzi moja nzito sana, inafaa mlimani? Najua ni imara.

Ni imara mpaka ilowe. Siku ya kwanza tu unapita msituni na huko mvua haikuulizi. Jinzi ni pamba, pamba inakunywa maji inakuwa nzito, haikauki, alafu inakunyonya joto la mwili, na ukishafika kambi ya Barafu uko juu ya mita 4,600, usiku maji yanaganda. Kaka tafadhali jinzi ibaki Moshi.

Vaa tabaka. Ndani taiti ya polista, juu yake trakisuti ya polista yenye manyoya kwa ndani, zipo mitumba kibao watu wanazipita wakitafuta jinzi, na juu kabisa suruali ya mvua iliyo kubwa, yenye zipu mbavuni chini ili uivae bila kuvua buti. Zote zikilowa ukizikung'uta zinakauka haraka. Kiunoni weka lastiki na kamba ya kufunga badala ya mkanda wa chuma, mana ukiweka begi mgongoni na mkanda wa begi ukabana juu ya kile chuma cha mkanda wa suruali, na mzigo ni hizo kilo 20 zinazoruhusiwa, siku ya tatu utakuwa na kidonda. Magotini omba fundi aweke dati mbili ndogo kila upande, goti lipate kiota. Kushuka ndo kunakoumiza magoti na suruali inayovuta inakuongezea.

(Yule mwongoza watalii wa Arusha aliyeuliza rangi ya suruali ya safari: achana na bluu na nyeusi kama unaenda Tarangire, mbung'o wanazipenda hizo rangi, hata mitego yao inashonwa kwa bluu na nyeusi. Kaki au kijivu cha udongo. Na kombati za mabaka usinunue hata zikiuzwa bei ya bure, jeshi limeshakataza raia kuvaa nguo zinazofanana na sare zao.)

Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 63, nipo Machame, bado nashinda kwenye migomba na kahawa. Asubuhi kuna baridi na umande, miguu inaniuma. Nataka suruali ya kuvaa chini ya kitenge lakini naogopa watu watasema.

Shikamoo mama. Watu waseme wakiwa na miguu yao. Kwanza mama suruali ilipotoka haikuwa vazi la kubana, jina tumelipata kwa Waarabu, sirwali, na wao kwa Waajemi, na ilikuwa pana, ya kukaa chini na kupanda farasi. Nitakushonea hiyo, pana mapajani, lastiki kiunoni upana wa inchi moja na nusu isikukate tumbo, chini nafunga lastiki laini juu ya kifundo ili umande usipande na wadudu wasiingie. Fupi kuliko kitenge chako kwa inchi mbili, haitaonekana. Kitambaa kaki nyepesi ya pamba mchanganyiko na polista, na magotini naongeza tabaka la pili kwa ajili ya kupiga magoti shambani. Mita moja na nusu itatosha kitambaa kikiwa cha upana wa inchi 60. Mtume tu mjukuu na vipimo, ila mama upimwe umekaa.

Dada, mimi najifunza kushona, Usa River. Suruali zangu zinapendeza kwenye meza ila mteja akivaa mguu mmoja unajizungusha, mshono wa pembeni unakuja mbele. Nimenyoosha sana na pasi haikubali.

Pasi haitakubali mpaka kesho. Umekata kwa kubana kitambaa, sema ukweli, mita moja na kidogo ukataka itoshe, ukaulaza mguu mmoja upande upande. Kila mguu una mstari wa katikati, kutoka chini mpaka juu, na huo mstari lazima ufuate nyuzi za kitambaa zinazokwenda sambamba na ukingo. Pima kutoka ukingoni juu, pima tena chini, inchi ziwe sawa, ndo ushike mkasi. Kitambaa cha pamba kiloweke kwanza na kukianika kabla ya kukata, mana kikisinyaa baada ya mteja kufua utaitwa mwizi. Sindano kwa kaki ya kawaida namba 14, jinzi 16, usishonee jinzi sindano ya blauzi alafu ulalamike cherehani inaruka.

Hizo ulizokwisha kuzishona hazirekebishiki, zikate pensi.