Bei naijua kwenye simu, mbona tajiri ananipa yake?

SWALI: Shikamoo anko. Mi navua sangara huku Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria. Baba anasema enzi zake hakukuwa na simu, mlikuwa mnashusha mzigo mnapewa chochote. Sasa hivi niko bado majini nampigia jamaa yangu soko la samaki la Kirumba ananiambia kilo inaenda ngapi, ila nikifika mwaloni, pale tunaposhusha samaki, tajiri anayenunua ananipa bei yake ya chini tu. Sasa hii teknolojia imetusaidia nini? Na mbona mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, ndo yamekuwa dili kuliko samaki mwenyewe?
Mvuvi, Igombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza niambie, injini na nyavu ni za nani? Kama ni za tajiri basi bei yako ilishapangwa siku ile alipokukopesha, simu inakuonyesha tu unakatwa kiasi gani.

Watu wakisikia teknolojia wanafikiria mashine kubwa kiwandani, kumbe minofu ya kwenda Ulaya mpaka leo inakatwa na mtu kwa kisu, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yanabaki yanauzwa mtaani. Kilichobadilisha ziwa hili ni barafu bana. Kabla yake sangara alikuwa anapigwa chumvi au anabanikwa, wengi wanaenda Kongo. Miaka ya 1990 viwanda vikaota hapa Mwanza, boti zenye barafu zikaanza kuwafuata wavuvi mpaka visiwani, na mwenye barafu akawa ndo mwenye bei, kwa sababu ajenti wa kiwanda akifunua mashavu ya samaki akakuta yamepauka hachukui, na wewe jua linakuchapa huna pa kukimbilia. Halafu 1999 Ulaya wakatufungia mlango kisa samaki wanaovuliwa kwa sumu, ndo ukaona mambo ya kupima samaki kwenye maabara, ile ya Nyegezi pale, na mialo kusakafiwa. Vyote hivyo vina gharama na mara nyingi inateremka mpaka kwako.

Sasa bondo. Lenyewe halitaki barafu wala umeme, unalianika likikauka linakaa, jepesi, linapanda ndege mpaka Hong Kong na Uchina huko wanapika supu. Yaani ndo kitu kwenye sangara unachoweza kukishika ukasubiri bei. Ila wewe unamuuza sangara mzima kwa kilo, si ndiyo? Basi bondo limeondoka naye, analitoa mwenzio huko mbele. Na usije ukapata tamaa ya majimama, wale sangara wakubwa, kwa ajili ya bondo kubwa, hao ndo mazazi, na chini ya sentimita 50 ni watoto, hapo sheria inakukamata.

Mi ningekuwa wewe, mkopo ujao ningemwambia tajiri bei ifuate ya Kirumba siku hiyo, akate kiasi fulani kinachojulikana, na aniandikie kabisa kwenye WhatsApp, maneno ya mdomo mwaloni yanaenda na upepo. Halafu muulize bondo ni la nani. Akikujibu niandikie tena, hilo la bondo ndo nataka kulisikia.