Fizi za mvuta vepu hazitoki damu: je, ndiyo usalama?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasomea utabibu wa meno hapa Mbeya, mwaka wa pili. Hosteli wenzangu kadhaa wanavuta vepu (sigara za kielektroniki), hasa baridi hii ya Julai, wanasema ni mvuke tu. Tulipopimana fizi kwenye mazoezi, anayevuta sana hakutoka damu hata tone. Mimi nisiyevuta nikatoka. Ina maana vepu haidhuru fizi? Na mgonjwa akituuliza, tumjibuje?

JIBU: Marahaba. Huko kutotoka damu ndiko kunakonitia shaka. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi iliyovimba kwa sababu ya ukoga inaweza isitoe damu ukiigusa. Kwa wavuta sigara jambo hili linajulikana miaka mingi, na tafiti za vepu zinaelekea hukohuko. (Wewe uliyetoka damu, kazana na mswaki, hasa usiku.)

Rudieni kipimo, safari hii mkiangalia kina cha nafasi kati ya fizi na jino; ikichimbika, tunaiita mfuko. Chukueni probu ya WHO, kijiti chembamba cha kupimia fizi, ile yenye kitone cha nusu milimita nchani na mkanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5. Iteremsheni kandokando ya jino taratibu, bila kukandamiza. Mkanda ukionekana wote, hakuna mfuko. Ukizama nusu, mfuko ni wa milimita 4 au 5. Ukipotea wote, ni 6 au zaidi. Kwa kijana wa miaka ishirini na kitu huenda msikute chochote, lakini hiyo si hati ya usalama. Ugonjwa wa fizi hula mfupa kwa miaka, na vepu yenyewe ni ya juzi: mfamasia wa Kichina, Hon Lik, aliibuni mwaka 2003.

Halafu huo si mvuke wa maji ya chai. Ni matone madogo sana ya propilini glaikoli na glisarini, pamoja na ladha na mara nyingi nikotini. Propilini glaikoli hufyonza unyevu, kinywa kinakauka, na mate yakipungua meno huoza upesi. Mwangalie mwenzako asubuhi, midomo ilivyo mikavu na chupa ya maji asiyoiacha, ingawa baridi ya Mbeya nayo hupasua midomo ya kila mtu. Someni pia maandishi ya kwenye boksi: nikotini asilimia 5 ni miligramu 50 kwa mililita, wakati Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 20.

Kuhusu mgonjwa: ukimuuliza "unavuta sigara?" atasema hapana, na hajadanganya. Taja kimoja kimoja: sigara, vepu, shisha, ugoro. Nahofia tabibu mwenye vepu mfukoni atalirukaruka swali hilo.

Mvuta sigara wa siku nyingi aliyehamia vepu moja kwa moja amepunguza sumu nyingi za tumbaku inayoungua, na vepu zenye nikotini zimewasaidia baadhi ya watu kuacha sigara. Mwambie hivyo bila kumtisha. Anayechanganya vyote viwili hajapata nafuu ya maana, na asiyewahi kuvuta hana sababu ya kuanza.

Aliyeng'olewa jino mkataze kabisa kwa siku tatu angalau. Kule kunyonya kunaweza kulitoa donge la damu, na nikotini hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Tundu likibaki wazi, atarudi kwenu siku ya tatu hivi ameshika shavu, maumivu yamepanda hadi sikioni.