Grinikadi na kununua bastola Texas
Kaka, kwa grinikadi (kadi ya ukaaji wa kudumu Marekani) kununua bastola hapo Houston unaruhusiwa, wanaobanwa sana ni wale wa viza ya masomo au matembezi. Lakini usisome ile Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani ya 1791, yale ya haki ya silaha, ukadhani imemaliza kila kitu, Mahakama ya Juu 2008 ilisema ni haki ya mtu binafsi kuweka silaha nyumbani ila ikasema pia masharti yanaruhusiwa. Dukani uwe na miaka 21, utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, na usidanganye hata kisanduku kimoja manake uongo pale ni jela, halafu watu wa uhamiaji nao wanakungoja. Texas tangu 2021 kubeba bastola hadharani hawadai kibali, ukihamia Illinois wanataka kadi yao ya FOID, yaani kitambulisho cha mmiliki wa silaha. Na kama una watoto, nunua sefu kwanza bana.